Ezra wa Makupa

Kwa miaka tisa Fuad Aidarus hakuweza kutoka kwao Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, kwenda sokoni Marikiti bila kuitwa jina ambalo hakupewa na wazazi wake. Wauza mboga walimwita Soja. Makuli walimwita Soja. Watoto wa shule walimfuata nyuma wakiimba, "Soja Mabati, Soja Mabati," mpaka ageuke, abinue mdomo na kuwauliza kwa ile sauti waliyoijua, "Sida yako nini, wewe?" Hapo walicheka wakishika matumbo, naye akaendelea na safari yake ya kununua bizari.

Soja Mabati alikuwa bawabu katika kichekesho cha televisheni kilichorushwa kila Alhamisi. Alikuwa mtu wa bara asiyeweza kutamka "sh", asiyejua kuoanisha maneno, anayemwogopa hata paka wa mwenye nyumba. Waandishi wa kichekesho walimpa mistari michache tu, lakini Fuad alimpa mwendo, mabega, kikohozi na lafudhi, na katika mwaka mmoja yule bawabu akawa mkubwa kuliko mwenye nyumba.

Kabla ya Soja, Fuad alikuwa mtu wa jukwaani. Alianza akiwa na miaka kumi na minane, katika ukumbi mmoja mkuukuu kule Kizingo, uliokuwa na feni tatu na viti vya mbao. Aliwahi kuwa mfalme, mlevi, daktari mwenye hila, na mwaka mmoja alikuwa bibi kizee wa miaka themanini anayetafuta mchumba. Babake, mzee Aidarus, fundi wa saa, alikuja kumtazama katika mchezo huo. Ulipokwisha alimwambia, "Nilikaa nusu saa nzima nikikutafuta." Kwa mtu mkimya kama yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa, na Fuad aliiweka moyoni hata baada ya mzee kufariki.

Lakini televisheni ilimchukua, na kwa miaka tisa hakuna aliyemtaka awe mtu mwingine.

Jumapili moja Naomi alikuja nyumbani kwake. Fuad alimjua kwa mbali. Mchana alikuwa karani katika ofisi ya meli pale bandarini. Wakati wake mwingine aliandika michezo ya kuigiza na kuielekeza mwenyewe. Nasiha, mkewe Fuad, mwalimu wa chekechea, alimkaribisha sebuleni na kuleta kahawa na visheti.

Naomi hakuzunguka. "Nimeandika mchezo," alisema. "Unaitwa *Ezra wa Makupa*. Ezra ni mzee wa reli, mtu wa kutoka kwetu kule ziwani. Amekaa Makupa, hapa Mombasa, miaka arobaini na mbili. Mtoto wake wa kwanza alikufa mchanga akazikwa Mbaraki, na mzee anataka akifa azikwe hapo kando yake. Ukoo hautaki. Wanasema mtu huzikwa kwao. Mchezo wote ni huo. Nataka wewe uwe Ezra."

Fuad alicheka kidogo, kwa adabu. "Dada Naomi, mji huu umejaa waigizaji wa bara, tena wazuri. Mbona mimi Mswahili wa Kibokoni?"

"Nina sababu mbili," Naomi alisema. "Ya kwanza, jina lako likiwa kwenye tangazo, watu watakuja. Ya pili, baba yangu alikuwa mtu wa reli, na miaka yake ya mwisho hapa Mombasa kila alipofungua mdomo dukani, mtu alimjibu kwa sauti ya Soja. Wewe ndiye uliyewafundisha watu kumcheka. Naona ni haki wewe ndiye uwafundishe kunyamaza."

Fuad alimtazama mkewe apate msaada. Nasiha alikuwa akimimina kahawa, wala hakuinua macho.

"Nipe niusome," Fuad alisema hatimaye.

Aliusoma siku hiyo hiyo, mara mbili. Mara ya pili alimsomea Nasiha kwa sauti, na walipofika mahali Ezra anazungumza na mwanawe aliye kaburini, Nasiha alimwambia asimame kwanza, akaenda jikoni akakaa huko kitambo.

Mazoezi yalianza katika ule ukumbi wa Kizingo. Siku ya kwanza waigizaji waliketi kwa duara, kila mtu na karatasi zake. Fuad alifungua mdomo asome mstari wake wa kwanza, na aliyetoka hakuwa Ezra. Alikuwa Soja. Fuad alimsikia mwenyewe. Ronny, kijana aliyepewa sehemu ya mpwa wa Ezra, alijaribu kujizuia akashindwa, akacheka, na wengine wakamfuata.

Naomi alifunga daftari lake. "Huyo simtaki hapa," alisema.

Fuad alijaribu tena kwa sauti yake ya kawaida. Sasa Ezra akawa mzee wa Kibokoni, na maneno yakapoteza ladha. Alijaribu mara ya tatu, akichanganya, ikawa vibaya zaidi. Mtu aliyeweza kuwa mfalme na bibi kizee hakuweza kuwa mzee wa reli, kwa sababu kila alipoiendea ile sauti, Soja alikuwa ametangulia kufika.

"Nenda kwa Mzee Morris," Naomi alimwambia walipokuwa wakitoka. "Alifanya kazi na baba yangu, alikuwa dereva wa gari moshi. Jumamosi alasiri humkosi pale ufukweni Mama Ngina, anakaa kwenye benchi akitazama meli zikiingia. Mwambie nimekutuma. Ukifukuzwa, rudi tena Jumamosi inayofuata."

Mama Ngina ilikuwa imejaa familia, wauza mihogo ya kukaanga na madafu, na watoto wenye baiskeli za kukodi. Fuad aliitwa Soja mara sita kabla ya kulifikia benchi. Mzee aliyeketi hapo alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, na pembeni yake ameweka mfuko wa mihogo ambao hajaugusa.

"Shikamoo, mzee," Fuad alisema. "Mimi naitwa Fuad. Naomi amenituma."

"Mimi nakujua," mzee alijibu, asiitikie salamu. "Wewe ni yule wa televiseni."

Fuad alianza kueleza habari ya mchezo. Mzee Morris alimwacha aseme mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Mimi nina mjukuu. Yuko darasa la tano. Anaitwa Sheryl." Alilitamka *Seril*. "Ndivyo mimi naweza kusema. Tangu azaliwe namwita Seril, na yeye alikuwa anapenda. Mwaka jana nilimfuata sule, nikamwita pale langoni. Watoto wakaanza kusema ile maneno yako ya sida. Jioni akaniomba, babu, tafadhali usiniite tena mbele ya wenzangu. Sasa namngojea ng'ambo ya barabara. Nanyamaza mpaka anione."

Meli ya makontena ilikuwa ikipita taratibu mbele yao, na watu walikuwa wakiipiga picha.

"Sikujua, mzee," Fuad alisema.

"Ulijua. Hukufikiri tu."

Fuad alitaka kujitetea. Alikuwa na maneno tayari, yale aliyozoea kuwaambia waandishi wa magazeti, kwamba kichekesho hakimlengi mtu. Alitazama mikono ya mzee iliyotulia juu ya magoti, akaona maneno hayo hayafai.

"Ni kweli," alisema. "Nilijua."

Mzee Morris akausogeza ule mfuko wa mihogo, akampa nafasi. "Basi kaa," alisema. "Lakini usitazame mdomo yangu. Kila mtu anatazama mdomo."

Fuad alikaa. Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine, wiki saba kwa jumla. Mzee Morris hakumfundisha kitu kwa makusudi. Alimsimulia habari za reli, za vituo vilivyokufa, za tembo waliolala njiani kule Tsavo, za mkewe aliyeuza samaki Kongowea. Fuad alisikiliza, na kidogokidogo akaona alilokuwa halioni kwa miaka tisa. Soja aliropoka. Mzee Morris hakuropoka kamwe. Kabla ya kila sentensi alisita kidogo, kama mtu anayechagua nazi sokoni, akiigonga, akiisikiliza, kisha ndipo anaitwaa. Kiswahili hakikuwa lugha ya mamake. Alikuwa amekinunua neno kwa neno kwa kazi ya maisha yake, na hakutaka kupoteza hata moja. Ile "sh" iliyogeuka "s" ilikuwa jambo dogo kabisa katika usemi wake. Fuad alikuwa amelichukua hilo dogo akaacha yote mengine.

Siku moja alimuuliza, "Mzee, mtu akikucheka, wafanyaje?"

"Namngoja amalize," Mzee Morris alisema. "Akimaliza namwambia tena kitu kile kile. Neno lile lile. Akicheka tena, nangoja tena. Mimi niliendesa gari moshi, najua kungoja. Mwiso atasikia, kwa sababu hakuna kitu kingine nitamwambia."

Katika wiki hizo Fuad alimwendea mtayarishaji wa kichekesho akamwomba Soja abadilishwe: apewe mke, watoto, siku moja awe na akili kumshinda mwenye nyumba. Mtayarishaji alimwambia watu wanampenda Soja alivyo. Fuad akamwambia basi watafute Soja mwingine. Alirudi nyumbani akiwaza mkewe atasema nini, maana kichekesho ndicho kilichowalisha.

Nasiha alikuwa akikata karatasi za rangi za watoto wake wa chekechea. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Alhamdulillahi. Nilichoka kuwa mke wa bawabu."

Mchezo ulifunguliwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Tangazo lilikuwa na jina la Fuad kwa herufi kubwa, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Walikuja wa Kibokoni na wa Makadara, wafanyakazi wa bandari na wake zao, mabinti wenye mabuibui, vijana waliokwisha kuanza kucheka wakiwa bado kwenye foleni. Wengi walikuja kumwona Soja bila kungoja Alhamisi. Mzee Morris aliketi safu ya tatu amevaa koti, na Sheryl kando yake.

Nyuma ya pazia Nasiha alimfunga Fuad vifungo vya shati.

"Mikono yako baridi," alisema. "Waogopani?"

"Watacheka."

"Watacheka, ndiyo. Umewasomesha miaka tisa. Huwezi kuwalaumu wanafunzi wako."

Pazia likafunguka. Jukwaani kulikuwa na meza moja ya ofisi, na karani mmoja anayeandika. Ezra aliingia akiwa ameshika kofia yake, akasimama mbele ya meza, akasita, akachagua, kisha akasema, "Naitwa Ezra. Nimekuja kuomba nafasi ya kaburi. Sio ya mtu mwingine. Ni yangu, na bado siko na haraka, lakini naomba ikuwe pale karibu na mtoto."

Ukumbi ulilipuka. Walicheka hata kabla hajamaliza, walicheka kwa sababu walikuwa wamejiandaa kucheka. Mtu mmoja nyuma akaita, "Soja!" na kicheko kikapanda tena. Yule aliyeigiza karani aliduwaa, kalamu mkononi. Pembeni, Naomi alifunika uso.

Fuad alikijua kicheko cha namna hiyo. Alijua jinsi ya kukipanda, jinsi ya kukilisha kwa kuinua nyusi moja tu. Mwili wake wote ulitaka kuinua ile nyusi. Hakuinua. Aliwageukia watu, taratibu, akiwa bado Ezra, akawatazama kama mzee anavyowatazama makarani wanaocheka ofisini mwao: bila hasira, bila kusihi, amewapa muda wao. Alingoja wakamaliza.

Kisha akasema tena. "Naitwa Ezra. Nimekuja kuomba nafasi ya kaburi." Maneno yale yale, uzito ule ule, mpaka kwenye *karibu na mtoto*.

Walicheka tena, lakini si wote. Kulikuwa na mashimo katika kicheko hicho. Mahali pengine watu walikuwa wameanza kutazamana.

Akangoja. Kofia yake aliihamisha kutoka mkono huu hadi mwingine. Akasema mara ya tatu.

Hakuna aliyecheka. Feni tatu zilisikika zikizunguka. Kule nyuma yule aliyeita Soja alikohoa, akakaa kitako. Na karani pale jukwaani, ambaye kwa kuduwaa alikuwa amesahau mstari wake, alifanya kitu ambacho hakikuandikwa: alisimama, akamvutia Ezra kiti.

Kuanzia hapo mchezo ulikuwa wao. Watu walicheka tena, ndiyo, maana Naomi alikuwa ameandika mambo ya kuchekesha, na Ezra alikuwa mzee mwenye maneno. Safari hii walicheka pamoja naye, pale alipotaka. Alipogombana na mpwa wake juu ya gari la kumsafirisha maiti, mwanamke mmoja wa safu ya mbele alimjibu mpwa kwa sauti kwa niaba ya mzee, akavutwa mkono na bintiye. Na alipofika kaburini, akakaa chini, akamwambia mtoto aliyeishi siku kumi na moja kwamba mji huu ndio uliomlea baba yake kwa hivyo asiuogope, Fuad hakusikia chochote kutoka kwa watu mia tatu. Alidhani amewapoteza. Alipoinua macho aliona mabuibui na mitandio iko machoni, na wanaume wa bandari wametazama miguu yao.

Taa ziliporudi walisimama. Walianza wachache, kisha safu nzima nzima, na makofi yaliendelea mpaka Fuad akatoka mara ya nne. Hakuna hata mmoja aliyeita Soja. Walikuwa wakiita Ezra, kisha sauti moja ikaanza kuita Fuad, na jina hilo likashika, ukumbi wote ukaliita. Alisimama pale akiwa na kofia ya reli mkononi, machozi yakimtoka, wala hakujaribu kuyaficha.

Mzee Morris alikuja chumba cha kubadilishia nguo. Alimpa mkono akaushika muda mrefu.

"Ile 'nafasi' mara ya kwanza ulisema haraka," alisema. "Mimi singesema haraka hivyo."

"Nitairekebisha kesho, mzee."

"Kungoja kulikuwa sawa." Akafikiri. "Kulikuwa sawa kabisa."

Walitoka pamoja hadi uani, ambako watu walikuwa wamejazana. Sheryl alikuwa upande wa pili, karibu na lango, pamoja na wasichana wawili aliokutana nao hapo, wa shule yake. Mzee Morris alisita. Kisha, mbele ya umati ule wote, akaita kwa sauti ya dereva wa gari moshi, "Seril."

Msichana aligeuka. Wenzake pia waligeuka. "Nakuja, babu," alisema, akawavuta mikono wote wawili. "Njooni mumsalimie. Yule mzee alitoka kwa huyu."

Mchezo uliopangiwa wikendi mbili ukachezwa kwa saba. Ukaenda Nairobi, ukaenda Kisumu. Mwaka uliofuata kampuni moja ikautengenezea filamu, wakapiga picha Makupa kwenyewe, na Fuad akapata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha ambalo alikwenda akiwa amevaa koti la marehemu babake. Baada ya hapo milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Alikuwa kadhi katika filamu moja na mwizi wa magari katika nyingine. Alirudi jukwaani akawa nahodha kipofu. Alirudi hata katika vichekesho, kwa sehemu aliyoiandika mwenyewe: mwungwana wa Mji wa Kale, mwenye majivuno, asiyejua hata kupika chai. Kibokoni nzima ilijua anamcheka nani, ikacheka zaidi yake.

Mzee Morris, kwa upande wake, alimwambia siku moja Mama Ngina kwamba watoto wake walikuja wakamuuliza anataka azikwe wapi. "Nikawaambia nyumbani," alisema. "Mimi sio Ezra. Lakini walikuwa hawajawahi kuniuliza."

Filamu ilipoletwa Mombasa, ilionyeshwa kwanza kwa watu wa reli na familia zao. Fuad alialikwa, akakaa katikati yao na Nasiha. Ilipokwisha, ajuza mmoja mfupi aliyeegemea mkongojo alijipenyeza kwenye kundi la waliompongeza, akamshika Fuad mkono, akaanza kuzungumza naye kwa Kijaluo. Alizungumza kwa kirefu na kwa uchungu, akimpigapiga kifuani, na Fuad hakuelewa neno. Alitazama huku na huku mpaka akamwona Mzee Morris, akamwashiria.

"Anasema amefurahi," Mzee Morris alitafsiri. "Anasema umefanana na kaka yake. Anauliza wewe ni wa ukoo gani pale Alego, kwetu kule ziwani."

"Mwambie mimi ni Mswahili," Fuad alisema. "Wa Kibokoni. Baba yangu ni Aidarus, fundi wa saa."

Mzee Morris akamwambia. Ajuza alimtazama Fuad juu hadi chini, akatikisa kichwa, akasema maneno machache bila kumwachia mkono.

"Anasema ni sawa," Mzee Morris alisema. "Lakini huyo Aidarus lazima alitoka Alego."